Sikukimbia na Mpira

Nianze kwa kukanusha, maana nimechoka. Mpaka leo nikipita sokoni Mpanda hakosi mtu wa makamo atakayenisimamisha, acheke, aniambie, "Mama, wewe si ndiye yule uliyekuwa unakimbia na mpira?" Sijawahi kukimbia na mpira. Sikukimbia nao hata siku moja. Katika mpira wa pete, ukishaudaka halafu ukapiga hatua nao, refa anapuliza filimbi na mpira wanapewa wenzenu. Kwa hiyo, sifa hiyo ninayopewa mjini, ukiichunguza vizuri, ni faulo. Miaka yangu yote ya kucheza inakumbukwa kwa faulo ambayo sikuifanya. Nitaeleza ilikuwaje, na anayetaka kubisha abishe na nafsi yake.

Nilikuwa senta wa timu ya akina mama wa Ilembo, miaka ya tisini yote ukiacha miezi ya mimba na ya kunyonyesha. Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: kila upande una watu saba, na kila mmoja ana eneo lake na herufi yake kifuani. Mfungaji anabaki kule kwenye pete. Mlinzi naye ana mwisho wake wa kufika. Senta ndiye anayeanzisha mpira katikati, na ndiye anayezunguka uwanja wote isipokuwa zile nusu duara mbili za kufungia. Mpira ukitoka nyuma unapita kwake, ukienda mbele unapita kwake, na hafungi goli hata moja. Anadaka, anasimama, anatoa. Kabla hujamaliza kusema shikamoo uwe umeshautoa.

Kusimama ndiyo kazi. Kukimbia kila mtu anajua, hata kuku anajua. Lakini kuja mbio, kuruka, kudaka juu kwa juu, halafu kutua na miguu ikaganda palepale ilipotua, vumbi likakupita mbele wewe umebaki, hapo ndipo wengi walipokuwa wanaanguka kifudifudi. Mimi sikuanguka. Sijui kipaji hicho nilikitoa wapi, na sitaki kukitungia hadithi ya ndoo za maji kichwani. Nilikuwa nacho, basi.

Uwanja wetu ulikuwa pembeni ya njia ya ng'ombe wanaokwenda mnadani. Mistari tulichora kwa majivu ya jikoni. Pete zilikuwa nondo alizozikunja fundi wa kuchomelea, zimepigiliwa juu ya nguzo za mninga. Ng'ombe wakipita walifuta mistari, tukawasonya, tukachora upya. Wachungaji walitukata jicho, na sisi tukawakata la kwetu.

Mmoja wa waliokuwa wanapita na ng'ombe ndiye aliyenioa. Mimi ni Mbende wa hapahapa. Yeye ni Msukuma, kwao walishuka na mifugo kutoka kaskazini wakaweka mji Mwamkulu. Alikuwa mtu wa maneno machache kupita kiasi. Alikaa msimu mzima anasimama pembeni ya uwanja bila kusema kitu, mpaka siku moja akanifuata akasema, "Wewe." Nikasema, "Mimi nini?" Akasema, "Wewe." Hiyo ndiyo posa yangu. Nilitoka kwenye nyumba ambayo watu wote wanasema kwa wakati mmoja, nikaona kimya chake ni raha. Kimya hichohicho ndicho kilichokuja kuniponza.

Sasa, kwao kulikuwa na heshima ya mkwe. Sisemi Wasukuma wote, nasema ukoo ule. Mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani, hawasemeshani. Nikimkuta njiani, natoka njiani, napiga magoti, nageuzia uso kichakani mpaka apite. Akiwa na neno kwangu, linapitia kwa mama mkwe, hata kama sote watatu tumekaa kwenye ua mmoja. Anasema, "Mwambie mke wa mwanao mboga imezidi chumvi." Mama mkwe ananigeukia, "Mboga imezidi chumvi." Nasema, "Mayu, mwambie baba nimesikia." Mayu ndiyo mama kwa kwao. Anamgeukia mumewe, "Amesikia." Mwezi wa kwanza nilikuwa najibana nisicheke. Mama mkwe aliniangalia jicho moja tu, kicheko kikanikauka.

Na kuonekana mwili, hilo ndilo lilikuwa kubwa kuliko yote. Baba mkwe asione zaidi ya nyayo na viganja. Uso wenyewe kwa bahati mbaya.

Nilipotoa baiskeli wiki ya pili baada ya harusi, mama mkwe alikuwa anapepeta mahindi.

"Unakwenda wapi?"

"Mazoezini, mayu. Ilembo."

"Na kile kisketi?"

"Nimekivaa ndani ya kitenge."

"Ukifika kitenge kinakwenda wapi?"

"Kwenye baiskeli."

Akaweka ungo chini. "Weee! Mke wa mwanangu arukeruke mapaja nje, na baba yenu anapita pale na ng'ombe?"

Nikamwambia mapaja ni yangu na nimekuja nayo. Nisidanganye, sikusema kwa adabu. Alinishauri nicheze na sketi ndefu, na ili asiseme nina kichwa kigumu nilijaribu. Mechi ile niliruka, nikaikanyaga sketi nikiwa hewani, nikashukia meno. Nilirudi nyumbani mdomo umevimba, nikamwonyesha. "Haya, mayu, heshima hii hapa." Akacheka mpaka akashika kiuno. Toka siku ile hakutaja tena sketi ndefu, ila alisali nisije nikakutana na mumewe.

Tulikutana. Ilikuwa siku ya mnada, tunacheza na wanawake wa mjini. Nimeruka, nimedaka, nimetua. Nikasikia wanawake wa pembeni wanapiga yowe, "Mkweo! Mkweo huyo!" Nikainua macho. Baba mkwe yuko pale kwenye mstari, fimbo begani, ng'ombe wake wamemzunguka, na bado hajaelewa anatazama nini.

Kwa utaratibu wa nyumba ile nilitakiwa niangushe mpira, nijikunyate chini, wenzangu wanifunike kwa khanga, nitolewe uwanjani. Wenzangu walikuwa wameshaanza kunikimbilia na khanga zao. Lakini mpira nilikuwa nao mkononi, na winga wangu alikuwa amefunguka kulia peke yake, kabisa, hana mtu. Hebu niambie, ungefanyaje? Niliutoa. Nikakimbia kwenda kuupokea tena. Tulifunga. Nilipogeuka kuangalia, baba mkwe alikuwa ameshatupa mgongo. Hakuwa ameondoka. Amesimama tu, uso kwenye njia, mgongo kwetu, na akabaki hivyo mpaka filimbi ya mwisho.

Kesho yake nikawekwa kikao. Mwenye kesi alikuwa mdogo wake baba mkwe, ambaye mume wangu anamwita baba mdogo. Mtu wa kofia, hakuivua hata wakati wa kula. Yeye naye nilikuwa siruhusiwi kumsemesha, maana baba mdogo ni baba, kwa hiyo kila kitu kilipita kwa mama mkwe kama kawaida. Baba mdogo alisema nyumba imevunjwa. Alisema mwanamke aliyeitwa mara tatu ajifunike akaendelea kutupa mpira hana dawa. Alisema ama mpira ama ndoa, nichague.

"Ana la kusema?" akauliza.

"Mayu, mwambie baba mdogo nachagua vyote viwili."

Mama mkwe alisita, lakini akalipeleka hivyohivyo. Wanaume wakaguna. Ndipo baba mkwe akakohoa akasema, "Mimi sikuona kitu. Niligeuka."

"Uligeuka baada ya kuona," akasema mdogo wake.

"Niligeuka kabla. Nilisikia wanawake wanapiga kelele nikageuka."

Hakuna aliyethubutu kumwambia mzee anadanganya. Basi ikaamuliwa hivi: kwa kuwa mzee hakuona, hakuna kosa. Lakini baba mdogo akaweka lake mwishoni, na wote wakalikubali. Siku mzee atakayoona, iwe kwa kupenda iwe kwa bahati mbaya, siku hiyohiyo mpira basi. Nikakubali. Ningefanya nini? Nilikuwa na mimba changa na timu inanihitaji.

Tangu hapo mzee akawa anakuja. Kila siku ya mnada tunapocheza, atauza ng'ombe, atakunywa chai, atakuja na kigoda chake, atakaa kwenye mstari wa katikati na mgongo uwanjani. Watu walimzoea. Wageni waliuliza yule mzee amenuna nini. Na pembeni yake anakaa mume wangu, yeye uso uwanjani, maana mume halimhusu katazo.

Mzee alikuwa anasikiliza. Akisikia kishindo na kelele anauliza, "Sasa?"

Mume wangu anajibu, "Anao."

Kelele zinahamia upande wa pili. "Na sasa?"

"Anao."

"Na sasa?"

"Anao."

Na kweli nilikuwa nao, maana ukitoka unarudi kwangu. Lakini yule mwanaume wangu, Mungu amsamehe, hakujisumbua hata siku moja kusema "ametoa." Ametoa kwa nani, amerudishiwa na nani, kasimama vipi, hayo yalikuwa maneno mengi mno kwake. Kwa hiyo mzee akakaa kule amenipa mgongo, anasikia miguu inapiga chini toka pete hii mpaka pete ile, na anaambiwa anao, anao, anao. Akajitengenezea mchezo wake mwenyewe kichwani.

Akaenda nao mnadani. Nikaanza kusikia vipande vipande. Mke wa mwanangu akiushika ameushika! Anatoka nao golini kwao mpaka golini kwa wenzake! Wanawake wanamng'ang'ania kiunoni, wanadondoka mmoja mmoja njiani, yeye anakwenda tu! Madalali wa ng'ombe wakalibeba wakalipeleka Inyonga, wakalipeleka Karema. Mzee hana tabia ya kusema sana, kwa hiyo akisema watu wanaamini. Na mnadani hakukuwa na mtu wa kumsahihisha, kwa sababu wanaume wa mnadani walikuwa hawajui mpira wa pete ni nini.

Mwanzoni nilivimba kichwa, nakiri. Nani asiyependa kusifiwa na mkwe? Lakini kadiri ilivyokwenda ilianza kunikera mpaka rohoni. Nilikuwa na kitu changu kimoja ninachokiweza kuliko mwanamke yeyote toka Mpanda mpaka ziwani, na mtu aliyekuwa anakitangaza alikuwa hakijui. Ananisifia mwanamke mwingine kabisa, mwenye jina langu.

Na kulikuwa na jambo jingine la kunichefua. Upande wa pili wa uwanja, chini ya turubai la muuza karanga, alikuwa anakaa baba mdogo. Yule yule wa kofia. Uso uwanjani, mguu juu ya mguu, anatafuna karanga. Kila mechi. Mzee hakuweza kumwona kwa sababu mgongo ulikuwa huku na macho kule. Nikamwambia mume wangu, akasema, "Namwona." Basi, kaishia hapo. Nikamwambia mama mkwe, akaniziba mdomo kwa kiganja. "Nyamaza. Mke wa mtoto ukimsema baba mkwe, wewe ndiye utaonekana ulikuwa unamwangalia." Nikameza. Yule mtu aliyenitaka nichague, ananiangalia bure na karanga juu, na mimi nikimkuta njiani nampigia magoti.

Ikawa hivyo misimu mingi. Nikazaa wa kwanza, nikarudi. Nikazaa wa pili, nikarudi, maziwa yakiniloa kifuani hapo kwenye herufi.

Halafu akaja bwana mmoja wa michezo kwenye ofisi ya wilaya, mgeni, kijana wa viatu vya kung'aa. Alikuwa anakusanya wanawake wa kufanyiwa mchujo, watakaochaguliwa waende Sumbawanga kucheza na wilaya nyingine. Akapita kwenye timu zote anauliza majina. Ilembo wakamtajia la kwangu kwanza. Kapteni wetu alinisimulia mwenyewe: yule bwana alitikisa kichwa. "Huyo nimeshamsikia. Si ndiye anayekimbia na mpira? Huyo hapana. Tutapigiwa filimbi mpaka tuchoke."

Nilipoambiwa hivyo nilikuwa nachambua maharage. Nililiacha lile sinia pale pale nikaenda kusimama nyuma ya nyumba. Nililia kwa hasira, kile kilio cha kukunja ngumi. Thubutu! Mimi? Mimi niachwe kwa sababu ya hatua? Mimi ambaye refa mmoja wa mjini alishawahi kuniinamia miguu kutazama kama nimejipigilia misumari? Nilikwenda Ilembo siku ileile nikamwambia kapteni amlete yule bwana mechi inayofuata, aje aone kwa macho yake, asisikilize madalali wa ng'ombe. Akakubali kuja.

Mechi yenyewe ilikuwa na Katumba. Hao walikuwa hatari. Walikuja kwa baiskeli na vibali vyao vya kutoka kwenye makazi ya wakimbizi, na uwanjani walikuwa wanaitana Kirundi tupu, hujui mpira unakwenda wapi mpaka umeshakwenda. Senta wao alikuwa mrefu, mikono inafika popote. Tulipendana na tulichukiana, mimi na yule dada.

Asubuhi nilimfuata mama mkwe jikoni. "Mayu, mwambie baba leo ageuke."

Akanitazama kama nimesema nataka kuchoma ghala. "Umerogwa?"

"Aangalie. Mimi nimechoka kusimuliwa."

"Akigeuka mpira umekwisha. Si ulikubali mwenyewe kikaoni?"

"Uishe. Lakini uishe ameshauona."

"Siendi kumwambia."

"Basi."

"Na wewe usithubutu!"

Nilivaa kisketi, nikafunga kitenge, nikapanda baiskeli. Nilijua ninachokwenda kukiweka rehani. Kama mzee angeona akakasirika, hapakuwa na wa kunitetea tena. Neno lake kwamba siku ile ya kwanza hakuona ndilo lililokuwa paa langu. Mchujo ungenipita, Sumbawanga ingenipita, na siku zote zilizobaki ningekaa Mwamkulu napepeta mahindi. Niliyajua hayo yote. Nikaendelea kukanyaga baiskeli.

Watu walikuwa wengi. Mzee yuko kwenye kigoda, mgongo uwanjani. Mume wangu pembeni yake. Bwana wa michezo amesimama karibu na refa, viatu vimeshaingia vumbi. Baba mdogo yuko na muuza karanga, lakini nasema kweli, siku hiyo sikumfikiria hata kidogo.

Niliingia kwenye duara la kati na mpira mikononi. Refa akaweka filimbi mdomoni. Nikainua mkono kumzuia. Nikavuta pumzi nikapiga kelele ya nguvu zangu zote.

"Baba! Geuka!"

Hata Wakatumba walielewa. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Yesu wangu." Mzee hakutikisika. Niliona shingo yake tu, na kola ya koti. Nikasema tena, sasa polepole, "Baba. Geuka uangalie."

Akashika kigoda. Akainuka. Akakizungusha kile kigoda, akakaa tena, uso kwangu. Ndiyo mara ya kwanza kumwona usoni sawasawa, na yeye kuniona. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi ambalo sikulijua. Refa akapuliza.

Niliutoa kwa winga, nikakimbia, nikarudishiwa. Niliruka juu ya yule dada mrefu wa Katumba, nikadaka, nikatua, nikaganda. Nikasikia sauti ya mzee inapasuka uwanja mzima.

"Kimbia! Kimbia nao! Mbona umesimama?"

Watu wakaangua kicheko. Nikautoa. Nikaupokea tena, nikasimama tena. "Jamani kimbia!" Alikuwa amesimama juu, fimbo hewani, ananihimiza kama anahimiza ng'ombe kuvuka mto. Halafu waliokuwa karibu walisikia maneno haya, nami nilisimuliwa baadaye na wengi, wote kwa namna moja:

"Mbona hakimbii nao?"

"Hairuhusiwi, baba," akasema mume wangu.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Na wewe ukawa unaniambia anao, anao!"

"Si alikuwa nao."

Mzee akakaa. Hakupiga kelele tena. Kila nilipopita upande wake nilimwona ameinama mbele, viwiko magotini, anaangalia miguu yangu inavyotua, kama mtu anayetazama ng'ombe anayetaka kumnunua. Samahani kwa mfano huo lakini ndivyo alivyokuwa anatazama, na kwake hakukuwa na kutazama kwa makini zaidi. Tuliwafunga Katumba kwa goli moja. Yule bwana wa michezo alinifuata nikiwa bado nahema, akasema nije Jumamosi kwenye mchujo. Hakuomba radhi. Nikamwambia viatu vyake vimechafuka.

Jua halijazama kikao kikawa kimeshakaa. Wanaume kwenye vigoda, wanawake chini kwenye mkeka, mimi nyuma ya mama mkwe, nimejifunga kitenge mpaka kwapani. Mume wangu alikaa kati ya pande mbili, anachimba ardhi kwa kijiti.

Baba mdogo hakupoteza muda. "Kaka, leo umegeuka."

"Nimegeuka."

"Umeona?"

"Nimeona."

"Basi mimi sina zaidi. Tulishakubaliana hapahapa. Amekuita wewe, baba mkwe wake, kwa kelele, mbele ya watu wa mjini na wakimbizi, ukaona usichotakiwa kuona. Mpira umekwisha leo."

Wazee wengine wakaitikia. Baba mkwe akatoa ugoro, akanusa bila haraka, akafuta pua.

"Nimeona mengi," akasema. "Nimemwona muuza karanga."

Hakuna aliyemwelewa.

"Pembeni ya muuza karanga nimeona mtu ana kofia kama hiyo yako. Amekaa, mguu juu ya mguu. Uso wake uko uwanjani. Nikamuuliza huyu," akamnyooshea fimbo mume wangu, "yule ni nani? Akaniambia. Nikamuuliza, huwa anakuja? Akasema kila mechi. Ndiyo au siyo?"

Mume wangu aliacha kuchimba. "Ndiyo," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaongeza neno ambalo halikuombwa. "Tangu mwanzo."

Baba mdogo akaanza kubabaika. "Mimi, kaka, mimi si baba yake mzazi huyu kijana."

"Ng'ombe wa mahari walipokuwa wanatoka, wa kwako hakuwemo?"

"Alikuwemo."

"Basi ni mkweo."

Mama mkwe alianza kucheka mabegani, kimyakimya, akajifunika uso na khanga, na wanawake wote kwenye mkeka wakamfuata. Hata wazee wawili watatu waligeuka pembeni. Baba mdogo akavua kofia, ndiyo nikajua ana kipara, akaivaa tena. Lakini hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi.

"Sawa. Hilo langu mtanihukumu. Lakini mkwe kumwamrisha baba mkwe hadharani, geuka! Hilo nalo mnaliacha hivihivi? Mwulizeni. Ana la kusema?"

Kicheko kikakatika. Hapo alikuwa na haki, na kila mtu alijua. Mama mkwe akanigeukia, macho yananiomba nilainishe, nimpe neno la radhi alipeleke. Ilikuwa rahisi. Maneno mawili tu, na pengine wangeniachia.

Sikumpa. Nilisimama, nikatoka nyuma yake, nikapita kando ya mkeka mpaka mbele ya kigoda cha mzee. Sikupiga magoti, na sikugeuzia uso pembeni.

"Baba," nikasema. "Sitaomba radhi. Jumamosi nina mchujo wa timu ya wilaya. Nitakwenda, na nitavaa kisketi kilekile. Nataka uje ukae mbele."

Mama mkwe, kwa mazoea tu, maskini, akaanza kulirudia. "Anasema Jumamosi ana..."

Mzee akainua kiganja. "Nimesikia."

Akanitazama. Katika miaka yote niliyokaa kwenye ua ule, nikampikia, nikamfulia, nikamzalia wajukuu, hakuwahi kunielekezea neno hata moja lisilopita kwenye mdomo wa mtu mwingine.

"Saa ngapi?" akaniuliza.

"Saa kumi, baba."